Divai ya mizabibu michanga, baridi ya Mwese, na karatasi niliyoshindwa kusaini

Wakuu, habari za mchana. Wanaoitikia "Tumsifu Yesu Kristo" waitikie. Vijana, marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Ninachoandika hapa kilitokea. Nimekuwa katekista kwa miaka thelathini na moja, na mtu akifundisha amri ya nane muda mrefu hivyo, uongo unamchosha kabla hajauanza. Kwa hiyo sitaongeza kitu. Kuhusu kuongeza vitu mtaelewa mbele.

Naishi milimani Mwese, mkoa wa Katavi. Watoto wangu wako Ilembo, Mpanda mjini, ambako wanalala bila shuka kwa joto. Huku kwetu asubuhi mzee anavaa sweta, juu ya sweta koti, na bado anasogelea moto. Miaka yote hali hii tuliita baridi, na tulimlalamikia Mungu kuhusu hiyo baridi.

Kumbe ilikuwa mtaji.

Aliyetufumbua macho ni Fidelis, mtoto wa kaka yangu, ambaye kazi yake ni kumimina divai kwenye hoteli moja Dar es Salaam. Amesomea. Ana cheti kabisa. Katika nchi hii kuna watu wanapewa cheti kwa kunusa glasi, na mimi nilipotimiza miaka ishirini na tano ya kufundisha Katekisimu nilipewa mwavuli. Silalamiki. Ni mwavuli mzuri.

Fidelis alikuja kutusalimia. Akasimama nyuma ya nyumba na koti la kuazima, akatetemeka vya kutosha, kisha akasema, "Baba mdogo, hii ndiyo cool climate, baridi ya kulimia zabibu. Wenzenu Ulaya wanaitafuta kwa tochi."

"Waje waichukue," mke wangu akamjibu. "Wabebe na ukungu wake."

Huyo ndiye Mama Yustina. Ni Mfipa, amezaliwa upande wa Sumbawanga, mwenyekiti wa kina mama wa kigango chetu, mtu wa maneno machache. Mshikeni kichwani, maana bila yeye uzi huu usingekuwepo.

Mvua zilizofuata Fidelis akatuletea miche ya mizabibu kutoka Dodoma, imefungwa kwenye magunia yenye unyevu. Masharti yalikuwa mawili. Hakuna mbolea ya dukani, hakuna sumu ya dukani. Alisema hiyo ni organic, kilimo hai, na kwamba huko nje watu wanalipia zaidi kwa kitu ambacho hakikuwekewa kitu.

Nikamwambia, mwanangu, sisi huku tumefanya kilimo hai tangu enzi za babu, kwa sababu ya kukosa mbolea. Hatukujua kuwa ni sifa.

Samadi ilitoka kwa jirani yangu Masunga. Huyu ni mfugaji, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Hasali kwetu wala kwingine, anasema ng'ombe hawampi nafasi. Alinijazia mikokoteni ya samadi bila kinyongo. Mwaka wa pili ng'ombe wenyewe wakaja kukagua matumizi yake, wakala ncha za mizabibu yote ya mstari wa juu.

Nilipiga picha nikamtumia Fidelis, nikitegemea angalau pole. Akajibu, "Safi sana, baba mdogo, naona mmeshapogoa."

Baadaye ukaja ukungu mweupe kwenye majani. Dawa ya kilimo hai, kwa maelekezo ya Fidelis, ni maziwa yaliyochanganywa na maji, unapuliza kwa bomba asubuhi. Masunga akanikuta shambani nafanya kazi hiyo kwa maziwa niliyotoka kuyachukua kwake. Alisimama akaegemea fimbo, akatazama muda mrefu.

"Katekista," akasema, "hao watoto wako watanenepa?"

Nilimvumilia. Uvumilivu ni tunda la Roho, na wakati ule ndilo tunda pekee lililokuwa shambani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kigango chetu kilikuwa kinajenga kanisa la matofali ya kuchoma, na Askofu alikuwa amekubali kuja kulitabaruku likikamilika. Katika mkutano wa kigango, kabla mizabibu haijatoa hata ua moja, nilisimama nikaahidi kwamba siku Askofu atakapokuja, divai ya altareni haitatoka dukani. Itatoka kwenye udongo huu huu wa Mwese. Nikapigiwa makofi.

Makofi ni kitu kibaya kumpa mzee. Kuanzia siku ile nililikumbusha jambo hilo karibu kila Jumapili wakati wa matangazo. Hakuna aliyekuwa amelisahau, lakini mimi niliona ni vema kulikumbusha.

Kwa wale wasio Wakatoliki: divai ya Misa lazima iwe ya zabibu tupu. Si zabibu na sukari, si zabibu na kitu kingine kilichopatikana jikoni. Lile tone la maji analotia padri altareni lina maana yake, na ni kazi ya padri. Hili nimewafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza mpaka wengine sasa wana wajukuu. Mkate wa ngano, divai ya mzabibu. Ukiniamsha usingizini nitakujibu hivyo.

Mwaka wa tatu mizabibu ikazaa. Mavuno ya kwanza yakaangukia miezi ya baridi kali. Tumbili walichukua zaka yao, ndege wakachukua sadaka, iliyobaki ikajaa pipa moja la plastiki zaidi ya nusu. Mimi na Mama Yustina tuliponda kwa mikono, maganda na maji yake pamoja, maana divai nyekundu inachachuka na maganda. Nikachora mstari wa mkaa pembeni ya pipa kuonyesha ilipoishia. Siku ya pili ikaanza kutoa povu taratibu, nami nikakaa karibu nayo kama mtu aliyezaa.

Siku ya tatu nikapigiwa simu kutoka Kasansa. Dada yangu amefiwa na mume.

Msiba hauulizi divai yako imefika wapi. Nilifunga mzigo. Nikiwa mlangoni nikamwambia mke wangu, "Koroga asubuhi na jioni kwa mwiko mrefu. Usiongeze maji. Basi."

"Ikilala je?" akauliza.

"Wewe koroga tu."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyompa. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeongea na Fidelis kwa simu kuhusu divai, nikaongea na Paroko kuhusu divai, nikawaongelesha waumini kuhusu divai mpaka wakachoka. Mtu aliyepalilia, akaponda, na sasa anabaki na pipa, nilimpa sentensi tatu nikiwa mlangoni. Kwake niliona zinatosha.

Nilikaa Kasansa siku tisa. Niliporudi, kabla ya kuvua koti nilikwenda kwenye pipa. Lilikuwa linachemka kwa povu zuri, harufu imejaa chumba. Nikatazama mstari wangu wa mkaa.

Divai ilikuwa imepanda juu ya mstari kwa vidole vinne.

Nikapima tena. Vidole vinne. Nikapiga magoti pale pale.

Wakuu, mtu wa kawaida akiacha kitu kwenye pipa akakikuta kimeongezeka, anauliza nani ameongeza. Mtu aliyesoma sana dini hana haja ya kuuliza swali dogo namna hiyo. Jumapili iliyofuata padri hakufika kwetu, nikaongoza ibada mimi. Somo la siku lilikuwa lingine kabisa, lakini nikaona ni vema nisome Injili ya arusi ya Kana. Kisha nikatoa ushuhuda wa vidole vinne. Sikusema ni muujiza. Nilisema tu kwamba sisemi si muujiza.

Mama Yustina alikuwa benchi la mbele, ananitazama kama mtu anayemwona mwenzake akipanda basi lisilo lake.

Tukiwa njiani kurudi akaanza, "Baba Yustina, vile vidole vinne..."

"Tumshukuru Mungu," nikamkatiza.

"Nilitaka nikwambie kwamba..."

"Mama Yustina. Vingine si vya kuchambua. Tushukuru tu."

Akashukuru. Akaingia jikoni kupika ugali.

Divai ikatulia, tukaichuja, tukaiweka kwenye madumu yaliyochemshwa. Machicha yalikuwa mengi na mazito kuliko alivyonieleza Fidelis. Nikasema ni baraka ya udongo.

Fidelis akaja kuionja. Alibeba glasi zake mwenyewe kutoka Dar, zimeviringishwa kwenye magazeti, za shingo ndefu kama korongo. Nikamwalika Paroko, nikawaita wazee wa kigango, na Masunga akajialika mwenyewe kwa kuwa samadi ni yake.

Fidelis akainua glasi dirishani. Akaizungusha. Akaingiza pua yote. Mzee mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama kijana ana mafua.

"Mizabibu michanga," Fidelis akasema akiwa amefumba macho. "Unausikia uchanga wake. Haina makuu, haijajifunza kuficha kitu. Kuna cherry mbele."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna mtu Mwese aliyewahi kuliona tunda la cherry, lakini wote walilisikia.

"Halafu nyuma," akaendelea, "kuna mkate unaotoka kuokwa. Nafaka kavu. Hii sijawahi kukutana nayo kwenye divai ya nchi hii. Hii ni baridi ya hapa, baba mdogo. Baridi yenu inaongea."

Mke wangu, aliyekuwa anapitisha sahani ya karanga, akapaliwa akatoka nje.

Masunga akashusha glasi. "Mimi nasikia ulezi."

Fidelis akamtazama kwa huruma. "Mzee wangu, ulimi nao unahitaji shule."

"Haya," Masunga akasema. "Basi nitauandikisha mwakani."

Paroko alionja, akaomba aongezewe ili achunguze vizuri. Alichunguza glasi tatu. Akasema kwa kweli ni divai nzuri, nzito, ya heshima, na kwamba atafurahi kuiona altareni.

Nisiwafiche, usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi.

Siku chache kabla ya Jumapili ya kutabaruku, Paroko akapita na pikipiki, akaniachia karatasi moja. Ofisi ya jimbo haikuwa na pingamizi na divai yangu, ila iliomba mwenye kuitengeneza asaini maneno mafupi. Nirudishe Jumamosi. Akaondoka hata chai hakunywa.

Mama Yustina akauliza karatasi inasema nini. Nikavaa miwani nikamsomea kwa ile sauti ya kusomea barua za Mitume: "Nathibitisha mbele ya Mungu kwamba divai hii imetokana na tunda la mzabibu peke yake, na haikuongezwa kitu kingine chochote."

Nikatafuta kalamu.

Mke wangu akakaa chini. Akasema, "Kwa hiyo ulezi haukutakiwa?"

Nikauliza ulezi gani.

Akanieleza bila haraka. Siku ya pili baada ya mimi kuondoka, pipa lilinyamaza. Povu likaisha kwa baridi. Akakoroga asubuhi na jioni kama nilivyomwagiza, kimya. Akakumbuka kuwa mume wake ameahidi kigango kizima, na Askofu anakuja, na pipa limelala mikononi mwake. Sasa mke wangu amekulia kwenye nyumba ya mama aliyepika pombe ya ulezi mpaka vijiji vya jirani vikajua jina lake. Pombe ikilala, kwao kila mtoto wa kike anajua inavyoamshwa. Akapika uji mwepesi wa ulezi, akauacha upoe kidogo, akatia kimea alichosaga mwenyewe, akamimina pipani. Akalifunika. Asubuhi pipa likawa linaimba.

"Nilikwambia usiongeze," nikasema.

"Uliniambia nisiongeze maji. Sikuongeza maji."

"Na uji je?"

"Uji ni uji, Baba Yustina." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kukwambia. Ukaniambia tushukuru."

Nilivua miwani. Vidole vyangu vinne vya muujiza vilikuwa uji.

Wakuu, hapa ndipo nilipogundua faida ya elimu ya dini. Mtu asiyesoma angejua papo hapo kuwa hawezi kusaini. Mimi nilichukua siku mbili kutafuta mlango wa nyuma. Nilijiuliza kama kiasi ni kidogo, kinahesabika? Kama ulezi umeshakuwa pombe, bado ni ulezi? Je, neno "kuongezwa" linamhusu aliyeongeza bila kujua? Nadhani ningepewa juma moja zaidi ningemthibitishia hata Baba Mtakatifu kwamba ulezi ni aina ya mzabibu unaokua chini.

Na palikuwa na jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Nikisema ukweli, watu watauliza nani alitia. Mwenyekiti wa kina mama ametia pombe ya kienyeji kwenye divai ya Askofu. Habari kama hiyo mtu anazikwa nayo. Mke wangu alikuwa anafua, anapika, anakwenda sala ya jioni kama kawaida, lakini alikuwa haniulizi nimeamua nini. Hilo la kutouliza ndilo lililonitesa.

Ijumaa nilikwenda kuchukua maziwa kwa Masunga. Nikamweleza yote, kwa kuwa ni mtu asiye na kundi la kusimulia kanisani. Hakucheka kama nilivyotarajia. Alicheka kidogo tu, kwa ajili ya ulimi wake ambao haujaenda shule.

Kisha akauliza, "Karatasi inasema zabibu peke yake?"

"Ndiyo."

"Na wewe unafikiria kusaini?"

Nikamwambia kiasi chenyewe ni kidogo.

Akanyanyua chombo changu cha maziwa. "Mimi siku moja nikikutilia humu kikombe kimoja cha maji, kimoja tu, halafu nikwambie haya ni maziwa matupu, utaniita nani?"

Nikapokea chombo changu.

"Basi nenda," akasema. "Na usimtie mama kwenye jambo hili. Yeye alikuwa anakuokoa."

Jumamosi asubuhi nikavaa koti. Mama Yustina akanifuata mpaka uani. "Utasema ni mimi?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Na kweli nilikuwa nimeshatunga sentensi nzuri ya kumficha: "Baba Paroko, kwa bahati mbaya kuna kosa dogo lilitokea jikoni." Nilikwenda nayo njia nzima nikiirudia. Nilipokaribia kanisani nikaanza kuisikia inavyosema. Jikoni kwangu kuna mtu mmoja. Nilikuwa nimetunga sentensi ya kumficha mke wangu kwa kumwonyesha kidole, na niliisifu kwa kilomita tano.

Paroko alikuwa anapanga viti. Nikaweka karatasi mezani, haina saini.

"Baba," nikasema, "ile divai ina uji wa ulezi na kimea. Nilimwachia mtu pipa nikaenda msibani, sikumfundisha kitu, na alipotaka kuniambia alichofanya nilimnyamazisha kwa jina la Mungu. Kosa ni langu. Na ule ushuhuda wa vidole vinne nao ulikuwa uji."

Paroko alikaa kwenye kimoja cha vile viti. Akaniangalia, akaangalia karatasi. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Ulezi mwekundu au mweupe?" akauliza.

Nikasema mwekundu.

"Nilijua," akasema. "Bibi yangu alikuwa anatumia mwekundu." Kisha uso wake ukarudi kuwa wa padri. Altare itatumia divai ya dukani kama siku zote. Ile ya kwangu iletwe yote, itanywewa kwenye chakula baada ya Misa, maana si dhambi, ni kinywaji. Na kwa kuwa ahadi niliitangaza mimi, miaka mitatu, kila Jumapili, na ushuhuda niliutoa mimi, basi na kuutengua nitautengua mimi, kwenye matangazo, Askofu akiwepo.

Nikamwomba anipe malipizi mengine. Akaniambia hayo ndiyo aliyonayo.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Baada ya Komunyo nikaitwa. Nilisema kila kitu kama nilivyomwambia Paroko, bila kumtaja mtu, kwamba divai imeingiliwa na ulezi, kwamba muujiza haukuwepo, na kwamba kosa ni la mzee anayependa kufundisha kila mtu isipokuwa wa nyumbani kwake.

Halafu Mama Yustina akasimama kutoka benchi la mbele. Hakuitwa. Akageuka, akawatazama watu wote.

"Ni mimi nilitia," akasema. "Ilikuwa imelala." Akakaa.

Bibi mmoja wa nyuma kabisa akasema kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona, "Sasa ungeiachaje, na imelala?"

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Askofu naye alificha uso kwenye kitabu chake, kitabu kikawa kinatikisika.

Kwenye chakula, wageni wa mjini walipata soda na sisi tulipata madumu yangu. Askofu aliomba aonjeshwe kile kilichomkosesha katekista usingizi. Alikunywa glasi, akaomba ya pili, akauliza ni nani aliyeipika. Watu wote walimwonyesha mke wangu. Mimi mwenye shamba, mwenye mizabibu, mwenye hotuba za miaka mitatu, niliombwa nisogeze kiti.

Fidelis nilimpigia nikamweleza. Nilitegemea ataona aibu kidogo kwa ile baridi iliyokuwa inaongea. Akasema, "Baba mdogo, hiyo tuiite toleo maalumu." Wasomi hawaanguki, wakuu. Wanabadilisha tu jina la mahali walipolala. Ila alinieleza jambo moja la maana: kilichoamsha pipa haukuwa ulezi, ulikuwa uvuguvugu wa uji. Blanketi lingetosha.

Mavuno yaliyofuata tulifanya kwa namna nyingine. Kabla ya kuponda, nilikaa na mke wangu mezani nikamweleza kila nilichokuwa nakijua kuhusu divai. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Akaniuliza maswali manne, matatu sikuwa na jibu, tukampigia Fidelis, na mengi ya siku zile waliongea wao wawili. Pipa likalala tena kwa baridi. Mama Yustina akalizungushia mablanketi mawili na kuliegemezea madumu ya maji ya moto, akawa anayabadilisha. Moja ya mablanketi lilikuwa la kwangu. Sikulalamika.

Divai ilitoka. Mstari wa mkaa ulibaki pale pale.

Karatasi tulisaini wawili, jina lake juu.

Sasa niwaambie ilivyo, kwa kuwa niliahidi ukweli. Ni nyepesi. Ni kali. Mizabibu bado michanga, baridi imeifanya iwe chachu, na samadi ya Masunga haikusaidia kitu. Wazee wa kigango walionja wakasema asante kwa namna ya watu waliolelewa vizuri. Masunga akasema sasa hasikii ulezi, na ndilo tatizo lake. Jumapili ya kwanza ilipowekwa altareni nilikuwa nimesimama karibu. Paroko aliinua kikombe, akanywa, na kabla hajapangusa mdomo nilimwona amekunja uso, kidogo sana, kama mtoto aliyepewa limau akaambiwa ajizuie.

Nikamtazama mke wangu. Na yeye alikuwa ameuona ule mkunjo. Akainamisha kichwa, na nilijua kuwa anasali na anacheka kwa pamoja.

Sijawahi kushukuru Misa yoyote kama ile. Zabibu tupu.

Nilichojifunza ni hiki, mkipenda mkichukue. Mtu wa nyumbani kwako akianza kukwambia kitu, usimfunike kwa jina la Mungu. Mungu hana haja ya kufichwa uji. Na yeyote anayekusaidia kutimiza ahadi uliyojipigia makofi mwenyewe, mweleze kazi yenyewe ni nini, si pale mlangoni ukiwa umebeba begi.

Wenye uzoefu na mizabibu sehemu za baridi, niambieni inachukua miaka mingapi mpaka padri aache kukunja uso. Wale wanaofahamu dawa ya tumbili isiyo sumu nao nawasubiri hapo chini. Wenye elimu ya cherry wanyamaze kidogo, tumeshahudumiwa.

Maoni yenu Mama Yustina anayasoma mwenyewe, miwani tunashirikiana. Mkitaka kuandika kuhusu ulezi andikeni kwa heshima. Kipimo cha kimea msimuulize. Mimi nimemuuliza, akaniambia nishukuru tu.